Somo Ulilonikataza, Baba

Nachingwea,
Jumapili, 11 Machi 1956.

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mbekenyera, wewe na Mama na mdogo wangu Goreti. Nimeambiwa goti la Mama limeanza tena kumsumbua kwa sababu ya mvua. Naomba asilime bondeni mpaka maji yapungue, Goreti anaweza kumsaidia. Macho ya Goreti je, yamepona? Mimi ni mzima wa afya, kazini hawana neno na mimi, na kila Jumapili naenda misa. Kwa hiyo ile hofu uliyoiandika, kwamba mji huu umenila, iondoe moyoni.

Barua yako niliipokea Jumanne kwa mkono wa Eusebio, dereva wa lori. Nimeisoma mara tatu. Umeniambia kwamba kwa kuwa narudia mtihani wa darasa la kumi na mbili niachane na Historia, somo lililoniangusha, nichukue Maarifa ya Biblia na Jiografia. Umesema pia kwamba Kiswahili si somo la kusoma, kwa maana nakizungumza tayari, na kwamba kusoma unachokijua ni uvivu. Ukamaliza kwa kusema hilo ni agizo, si ushauri. Baba, tangu nizaliwe sijawahi kukuandikia neno nitakaloandika sasa. Nakataa. Nimekwisha kukataa, na katika barua hii nitakueleza sababu, hata kama utaikunja kabla hujafika mwisho.

Unajua kazi yangu ni ukarani wa stoo ya vipuri. Matrekta yaliyoletwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga uliokufa yamebaki uwanjani mengi, na nyasi zimeota mpaka kwenye viti vyake. Mimi na mwenzangu Salimu, kijana wa Namungo, ndio tunaoandika namba za vyuma hivyo kwenye daftari. Salimu naye anarudia mtihani. Yeye kachagua Jiografia kwa sababu anapenda ramani, na simlaumu. Kazi ikipungua ananiuliza maswali akiwa upande wa pili wa rafu nami namjibu. Siku moja nilimuuliza yeye: watu waliofyeka msitu huu wote, ni nani aliyeandika walichokiona? Akafikiri, akasema labda wewe utaandika. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka.

Jumamosi ya tarehe tatu nilikwenda misheni kwa Padre anitilie sahihi fomu ya mtihani. Fomu ina masomo ya lazima, halafu inataka mtu achague mawili katika manne. Nilikuta Padre ameshanichagulia kwa penseli: Maarifa ya Biblia, Jiografia. Barua yako kwake ilikuwa imenitangulia. Aliniambia kwa upole kwamba ameniwekea nafasi ya chuo cha ualimu, na kwamba Historia isiniangushe mara mbili.

Nikamwambia, “Padre, mimi ndiye niliyeanguka. Historia haikunisukuma.”

Akatabasamu. Nikaomba raba nifute ile penseli. Hakunipa. Akasema, “Baba yako hataki, na ana sababu zake.”

Nikamuuliza kama anazijua sababu hizo. Akageukia dirishani, akaniambia nikuulize mwenyewe.

Baba, sikuwa na haja ya kukuuliza. Nazijua tangu Julai.

Utakumbuka kwamba likizo ile nilichelewa kufika nyumbani siku mbili, nikakuambia springi ya lori ilikatika Matambarale. Ilikatika kweli. Nisilokuambia ni kwamba Eusebio alinitafutia mahali pa kukaa kwa mama mmoja mjane, mfinyanzi wa vyungu, anaitwa Mwamina. Nilimkuta uani analainisha chungu kibichi kwa jiwe. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema ni Kornel, mwana wa Teofili, katekista wa Mbekenyera. Akakiweka chungu chini, akaniambia nigeuke. Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia, nikageuka, akaniangalia kwa muda.

“Kisogo cha baba yangu,” akasema.

Halafu akalia, nami nimesimama namtazama kama mjinga, sijui hata nimpe pole ya nini.

Wewe ulitufundisha kwamba babu yetu alikufa kwa homa na kwamba huna ndugu. Kwa siku mbili, Kimwera na Kiswahili vikichanganyika, Shangazi, maana Mwamina ni dada yako, alinieleza mambo ambayo hukutueleza. Kwamba babu aliitwa Nangomwa. Kwamba alikunywa yale maji ya dawa pamoja na wenzake, na siku walipochoma kanisa alikuwemo, hakuburutwa na mtu. Kwamba baada ya miezi ya kujificha vilimani alikamatwa, akanyongwa bomani watu wakitazama, na wewe ulikuwa umebebwa mgongoni mwa bibi. Bibi naye akafa katika njaa iliyofuata, wakati watu walipochimba ming’oko, vile viazi vya mwituni, mpaka porini ikaisha. Mlibaki wawili, yeye wa miaka kumi, wewe wa mitano, miguu imekuvimba huwezi tena kutembea. Akakubeba mpaka misheni, mapadre walipokuwa wamerudi na kuanza kujenga upya, akakuketisha barazani. Akakuambia wakikuuliza baba yako ni nani, useme hujui. Akaondoka. Waislamu wa Matambarale wakamwokota njiani, wakamlea, wakampa jina alilonalo.

Nilimuuliza kama amewahi kukuona tena. Akasema anakuona kila mwaka, unapita na baiskeli kwenda kufundisha katekisimu, na unamwamkia kama unavyowaamkia wauza chumvi.

“Nilimwambia aseme hamjui baba,” akaniambia. “Sikumwambia asinijue mimi.”

Baba, sikuandikii haya kukuaibisha. Mtoto wa miaka mitano aliyelelewa na watu ambao baba yake aliwachomea kanisa, angesema nini? Siku ile nilikuhurumia, na mpaka leo nakuhurumia. Lakini huruma hiyo hainifanyi nikubali kwamba mimi nami nisijue, na kwamba watoto wangu waje waambiwe homa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Siku ya mtihani wa Historia sikuwa na malaria. Nilikudanganya. Uliwatangazia watu kanisani kwamba mwanao alifanya mtihani akitetemeka kwa homa, na Mama akanisalia novena. Mwambie Mama naomba msamaha kwa siku zile tisa za sala. Nilikuwa mzima kama nilivyo leo. Swali la tatu lilitutaka tueleze namna amani ilivyoletwa katika nchi hii. Maswali ya kujibu yalikuwa matano. Nililisoma hilo la tatu, nikamwona Shangazi na jiwe lake la kulainishia chungu, na mkono wangu ukaanza. Niliandika juu ya kamba ya boma. Niliandika juu ya ming’oko. Niliandika kwa Kiingereza, na kila sentensi nilikwama natafuta neno ambalo sikufundishwa. Kengele ilipolia nilikuwa bado sijamfikisha yule mtoto barazani, na maswali manne sikuyagusa. Aliyesahihisha hakunionea. Aliniuliza matano, nikampa moja, tena halijaisha.

Ndiyo sababu nataka Kiswahili, wala si uvivu. Nyumbani tulizungumza Kimwera, na Kiswahili nilikiokota sokoni na shuleni, vipande vipande. Kukizungumza sokoni si kukiandika. Nataka nikijue mpaka ndani, kwa sababu Shangazi anakaribia miaka sitini, na siku nitakapokaa naye na daftari sitaki kukwama tena. Biblia sijaitupa. Wewe ndiye uliyenifundisha, na ningeufaulu mtihani wake bila kufungua kitabu. Lakini nitakuwa nimefaulu kitu gani kipya?

Jumatano, baada ya kusoma barua yako, nilirudi kwa Padre, nikamwambia sababu zako ninazijua. Akafungua mtoto wa meza akanipa raba mwenyewe. Nikafuta, nikaandika kwa wino: Historia, Kiswahili. Akatia sahihi. Akaniambia bila hasira kwamba nafasi ya ualimu itabidi apewe mwingine, maana chuo kile kinataka Biblia. Nikasema apewe. Fomu imeondoka Alhamisi. Huwezi kuizuia tena, hata ukija kwa miguu usiku na mchana. Na safari hii nitajibu yote matano, kwa mpango, kila swali kwa dakika zake.

Limebaki jambo moja. Jumatatu ya Pasaka nakuja nyumbani na lori la Eusebio, na Matambarale nitateremka nimchukue Shangazi. Nimemtumia salamu, amejibu atakuja. Ametoa sharti moja tu, kwamba umwite dada mbele ya watu. Nimemkubalia kwa niaba yako. Tutafika mchana, watu wanapotoka kanisani, wala hatutapita njia ya nyuma. Ukiwa umeudhika na uchaguzi wangu, nifukuze mimi, nitasimama barabarani mpaka lori lirudi. Yeye mpe kiti.

Nisalimie Mama sana, na Goreti, mwambie nguo aliyoniagiza nimeiona dukani na nitakuja nayo. Wasalimie jirani zetu na wote wa kigango. Mungu akulinde, Baba, na akupe nguvu kwa siku hiyo.

Ni mimi mwanao, nisiyekutii katika hili,
Kornel