Fundo la Waya

Al-Safa, Jeddah, 9 Juni 2024

Mama, habari ya Riyadh? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ni kichwa tu kinanisumbua.

Chuo cha kule nyumbani kimejibu. Nafasi yangu ya uhandisi wa umeme niliyoiacha bado ipo, mradi niripoti Septemba, na kafili, mwajiri wangu hapa, amekubali kuniachilia Agosti. Najua utaogopa. Ndiyo, Nehemiah wa darasa letu alinibamiza uso kwenye meza ya maabara, akasema Dorobo arudi msituni kurina asali, na mwalimu akacheka. Mimi ni Mogiek, si Dorobo lao la matusi. Nitarudi na kovu langu, nikae kiti cha mbele.

Binti yako, Velma

Al-Naseem, Riyadh, 14 Juni 2024

Velma mama, mimi sijambo, Mungu yupo. Rudi. Nani kakwambia nitakukataza? Tulichomewa nyumba kule Mau tukajenga tena.

Lakini mpaka Agosti jifanye mjinga. Humu majumbani kadama, mtumishi kama sisi, akijua kitu anachapwa. Jana nilimsahihisha mtoto hesabu, madam akanipiga chupa ya kichwa. Bahati huu mkono wa kushoto ninaokuandikia haukuumia. Ukiona waya umekatika, pita.

Mama yako

Jeddah, 2 Julai 2024

Mama, pole kwa kusubiri. Mimi si mzima. Simu wamechukua; anayeniandikia ni Elijah, dereva wa hapa.

Sikukusikia. Waya wa pasi ulichomoka, nikaupiga fundo ndani ya plagi kama tulivyofunzwa chuoni, ili ukivutwa usitoke. Nikapuliza vumbi. Madam alikuwa mlangoni. Kumbe kwao mtu akipulizia fundo anaroga. Baba mwenye nyumba akanichapa na waya huohuo mpaka nikajikojolea, kisha madam akaiwasha pasi. Ilishika moto vizuri, mama. Wakaniwekea kiganjani, mkono wa kulia.

Wameita polisi. Septemba yangu imekwenda.

Binti yako

Riyadh, 20 Agosti 2024

Velma mama, hali sikuulizi. Elijah amesema umeletwa jela ya wanawake hapa Riyadh, kwa kesi ya uchawi. Nilikuja getini, askari akanisukuma nikaanguka. Alisema kadama haruhusiwi kumwona mfungwa, halas, yameisha.

Leo asubuhi nimeng'oa waya wa pasi nikamwita madam atazame. Nikapiga fundo. Nikapuliza, nikapuliza tena, huku namtazama machoni. Amenivunja meno kwa pasi hiyo, na sasa wamenifungia stoo wakingoja polisi. Watanipeleka wanakopelekwa wachawi.

Barua hii situmi. Nimeificha kifuani nikupe mwenyewe. Septemba hii ikipita, kuna nyingine, na nitakufundisha kuandika kwa mkono wa kushoto.

Nakuja,
Mama yako