Nilimwambia Mwanangu Nimeelewa

Mpendwa Dada Luzia, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na usinicheke. Mimi ni mama yake Atija, yule wa kompyuta hapa Palma, kama hujamsikia utamsikia, maana tangu gesi ionekane huko baharini kila mtu anatafuta kazi, na mwanangu ndiye aliyeitwa na kampuni moja atunge mafunzo ya wanaoanza, watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta, wajue kuingia kwenye programu ya ghala, watafute glavu na mabuti, waagize, watoke salama. Katunga mwenyewe, kwa Kiswahili, na Kireno pale tu kilipoandikwa kwenye kioo. Nitajie mwingine Palma hii.

Sasa mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi. Aliniambia, "Mama, ukielewa wewe, ataelewa kila mtu." Sikujua kama ni sifa au tusi, nikaketi. Akaonyesha, mimi natazama vidole vyake tu, vinavyokwenda mbio vile, nikasema nimeelewa. Akauliza, "Ukipotea, kurudi mwanzo unajua?" Nikasema nimeelewa, mwanangu, endelea. Ningekataaje, na jirani yangu Ancha kakaa mlangoni anasikiliza? Atija akafurahi, akakifuta kipande chote cha kurudi mwanzo, eti hata mama hakihitaji.

Juzi alipokwenda kuswali nikajaribu peke yangu. Dada, nilikuwa natafuta glavu, nikafika sijui wapi, kila nikibonyeza nazidi kuzama, nikaifunika kompyuta kwa kapulana, kitambaa changu cha kujifunga, kama sinia la wali, nikaenda zangu jikoni. Jumamosi shefe, mkubwa wa kampuni, anakuja kutazama somo, likishindikana kazi anapewa mtu kutoka Maputo. Na mimi nimeshawapanga kina mama watakaojifunza, wote waseme wameelewa, na Atija akibonyeza tu, vigelegele. Sare tumeshachagua. Nifanyeje?

Mama Atija, Palma

Mama Atija, nisamehe, nimecheka. Ile kapulana imenishinda.

Hongera kwa binti. Lakini umemharibia, tena kwa mapenzi. Alikukalisha pale aone unapokwama, wewe ukamficha. Fundi akikupima gauni unabana tumbo? Basi ndivyo ulivyofanya.

Leo hii akirudi mwambie ulipopotea, Ancha awepo asiwepo. Kisha kaa wewe kwenye kompyuta, kipanya ushike wewe, na Atija aweke mikono mapajani asiguse kitu, hata ikimuwasha. Neno "nimeelewa" lipigwe marufuku nyumbani kwako. Anayeelewa atuonyeshe kwa mkono. Utakapokwama, Atija arekebishe hapo hapo kwenye somo. Ukimaliza mpishe Ancha, naona hapo mlangoni amekaa kwa hamu. Na kile kipande cha kurudi mwanzo kirudishwe leo, tena kifundishwe kabla ya vyote, watu wabonyeze bila kutetemeka.

Kina mama wapitie upya uwaambie: aliyepotea aseme nimepotea, kwa sauti. Shefe anataka kuona mtu asiyejua akifundishwa mpaka akajua. Mkijifanya mnajua wote, Atija atamfundisha nani?

Vigelegele sivizuii. Viwekeni mpaka mmoja wenu aagize glavu kwa mkono wake mwenyewe, hapo mpasue paa. Na huyo wa kwanza asiwe wewe, Mama Atija, wewe utakuwa umeshafanya mazoezi. Kaa nyuma, piga makofi, waachie wenzako.