Kipande Kitupu cha Buluu

Sofia, Busia,
Uganda.
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Isaac,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. U hali gani huko Juba? Lile joto bado linakuonea? Na kifua chako je, kimetulia? Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Tunamshukuru Mungu kwa yote.

Barua hii nimempa Maloba, jirani yangu dereva wa lori, akukabidhi mkononi. Najua utacheka kwamba bado kuna mtu anaandika barua. Lakini kwa simu, kila nikitaja jina la baba yako mtandao hukatika ghafla, hata siku isiyo na wingu. Karatasi haina mtandao. Isome mpaka mwisho.

Nyumbani Iyolwa mtama umekubali mwaka huu, na mihogo pia. Daphine amerudi kukaa na baba yenu, anawasuka wasichana wa kijiji kizima pale barazani. Kile kisiki cha mvule kimechipua. Baba yako amekizungushia miiba ili mbuzi wasikile. Mimi sikumwuliza kitu, nawe usiniulize.

Macho yake ndiyo yamezidi. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, sasa anatutambua kwa sauti na kwa mwendo tu. Hospitali wamesema watamwita, tunangoja. Tena baridi ya mwezi huu imemwingia mifupani. Ndipo nikaamua kumshonea blanketi la viraka, kama yale tunayoshona pale kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa. Blanketi la dukani ni la yeyote. La viraka lina wenyewe.

Katikati niliweka kipande cha gomesi ya marehemu mama yako, lile gauni la zambarau alilolivaa kwenye harusi ya Arnold, na mkanda wake nikauzungusha pindoni mwa kipande hicho. Kisha nikawaomba ndugu zako nguo zao kuukuu. Kwa kuwa kaka yangu haoni, nakshi nilizotia ni za kushikwa, si za kutazamwa. Kwa Arnold, mwalimu wetu wa Petta, nilishona mfuko mzima wa shati, unaingiza vidole. Robinah muuza samaki nilimtilia samaki wa shanga. Kate nikamwekea vifungo vya sare yake ya unesi. Daphine, nyuzi za sufu nilizozisuka kama nywele. Macho yangu nayo yalinitoka kwa zile shanga, lakini nilifurahi sana kuifanya kazi hiyo.

Kikabaki kipande kimoja, chako, na hapo ndipo akili iliponiruka. Tangu ulipoukata ule mvule, uliopandwa na babu yako siku baba yako alipozaliwa, naye baba akakuambia usikanyage tena bomani kwake, jina lako halitajwi pale. Najua ulitaka mbao za kumjengea nyumba ya matofali. Na yeye anajua. Lakini wewe ni mwanawe kwa sura na kwa ubishi. Basi nikajiambia, Dorcas, usimchokoze mgonjwa. Nikaweka kitambaa cha buluu kitupu, bila uzi, bila kifungo, nikajiona mwenye busara kweli.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikampelekea. Ndugu zako wote wanne walikuwapo. Akalipokea mapajani, akaanza kupapasa. Alipofika kwa mama yako, kidole kilitembea juu ya mkanda wote. Mfuko wa Arnold aliutia vidole akauliza chaki iko wapi. Vifungo vya Kate akavijua mara moja, misuko ya Daphine ikamchekesha, na kwa Robinah akadai pananuka samaki. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Kisha vidole vikafika kwenye ile buluu. Vikapita, vikarudi, vikapita tena. Akauliza hapa ni nani. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana soko zima, nikawa natazama kuku.

Akalikunja taratibu, akanirudishia.

"Dorcas, hii si yangu," akasema. "Hii ni ya mzee mwenye watoto nne. Mimi niko na tano."

Isaac, nililia mbele ya watu wala sikuona haya. Wahenga walisema mtoto akikunyea kiganja hukikati, nami nilikuwa nimekikata kwa mkasi wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo hataki kulisikia blanketi. Daphine anasema anajifunika lile shuka jembamba, anakohoa, na akibembelezwa anajibu tu kwamba blanketi halijaisha. Kikohozi hicho hakinipendezi hata kidogo.

Juzi nikaenda kumwambia kwamba nitakuandikia, umpe Maloba shati lako moja kuukuu, nikate kipande nimalize kazi. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Asitume," akasema. "Akuje nayo kwa mwili."

Hilo ndilo neno lake, nimekuletea kama lilivyotoka. Neno samahani hakulisema, nawe usilingojee. Nimekuwa dada yake tangu nizaliwe na sijalisikia bado. Usije na hotuba wala na zawadi kubwa. Vaa shati lolote ulilolizoea, upande gari na Maloba akigeuza kurudi huku. Blanketi liko kwangu kabatini, na sindano nimeiacha imechomekwa palepale kwenye buluu, ina uzi wake.

Arnold, Robinah, Kate na Daphine wanakusalimu sana. Mzee Otai, jirani yenu, naye anakusalimu, anasema lile shoka uliloazima kwake siku ile hajalisamehe, ulirudishe. Nawe nisalimie wote unaokula nao sahani moja huko.

Mungu aliyekulinda ukienda akulinde ukirudi, akufungulie kila mpaka, umkute baba yako ameketi barazani.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Dorcas