Askari Waliosema Wanarudi Kwao

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Kasongo tuko wazima, na bibi yako amemaliza kuvuna mpunga. Umeniuliza, huko unakofanya kazi ofisini kwa jeshi, namna gani mtu anajua askari wangapi watabaki mkataba ukiisha. Mimi pia niliulizwa hivyo wakati wa Wabelgiji, nikiwa karani wa kambi, kijana mwenye haya aliyejua Kifaransa na Kiswahili.

Niliuliza wanaume tu. Wakanichekea: "Karani, weye! Mimi narudia kwetu!" Nikaandika kwamba thelathini wataondoka. Wake zao niliona haya kuwauliza, na walikuwa wanapanda mihogo mipya nyuma ya kambi, mihogo ya kuliwa mwaka ujao.

Siku ya kutia kidole kwenye mkataba mpya, karibu wote walibaki. Lakini kamanda alikuwa ameshadai, kwa hesabu yangu, vijana thelathini kwa machifu wa kwetu Kabambare. Vijana wakafika wamefungwa kamba kiunoni, na wa tatu alikuwa mdogo wangu, Musa.

"Kaka," akasema, "nani alimwambia kamanda kwamba askari hawatoshi?"

Nikaandika jina lake kwenye orodha. Musa alizeeka na akafa bila jibu. Wewe, mama, uliza na wake za askari.

Babu yako, Salumu