Baba Mkwe Amepata Pa Kulala

Matongo,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa palizi kiwe kimekuacha. Je, mtama umepona ndege mwaka huu? Huku kwetu hatujambo. Nyangi ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayembeba, hata baba yake anamwogopa.

Lakini najua hukai ukisubiri meno ya Nyangi. Unasubiri habari za baba mkwe, maana mama mkwe lazima anapita hapo kwako kila siku ya mnada kuuliza. Mwambie kwanza kwamba mguu haujakatwa. Mengine msomee taratibu, nimeyapanga kama nilivyoyaandika kwenye daftari langu siku kwa siku.

Ili mnielewe, inabidi niwaeleze tunapokaa. Hapa si kijijini kama Machochwe, na mjini pia si mjini. Mahindi yanafika dirishani, ng'ombe wanalala nyuma ya nyumba, lakini kwenye ua wetu tuko wapangaji wa koo mbalimbali na kila familia ina chumba kimoja. Kabla jua halijatoka, barabara inajaa wanaume. Wengine wanatembea, wengine wako kwenye baiskeli, wote wanashuka kwenye mashimo ya dhahabu. Jioni wanarudi wakiwa weupe kwa vumbi, na kila mke anamtambua wake kwa mwendo. Marwa wangu anavuta kamba kwenye shimo, na mabega yake sasa hayaingii kwenye shati la harusi. Katikati ya asubuhi na jioni hutasikia sauti ya mwanamume hapa. Tunabaki wanawake, watoto na mbuzi. Mwanzoni ule ukimya ulinitisha, nikawa naimba peke yangu nikichambua mboga.

Basi baba mkwe alipofika na mguu wake uliojeruhiwa na jembe la ng'ombe, Marwa alimpeleka zahanati siku hiyo hiyo. Nesi alifungua kidonda, akakisafisha, akasema kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja mpaka nyama mpya ifunge. Akirudi nyumbani mapema, alisema, uozo utafika kwenye mfupa, na hapo hakuna dawa tena ila kukata. Tulirudi tukiwa na furaha kwamba tumewahi. Tulipofika mlangoni ndipo tulipokumbuka kitu ambacho sisi wawili, na akili zetu zote, hatukukifikiria tulipomwita: mzee atalala wapi?

Unajua mwenyewe mila yetu, mama. Baba mkwe hawezi kuingia nyumba ya mkwewe, sembuse kulala humo kilipo kitanda chake. Na nyumba yetu yote ni hicho chumba kimoja.

Marwa akajaribu kumshawishi baba yake. "Tata, ingia tu. Bhoke atalala kwa Mama Robi." Huyo ndiye mwenye nyumba, mjane mwenye maneno mengi na roho nzuri.

"Na kitanda chake ataondoka nacho kichwani?" baba mkwe akauliza.

"Tutakitoa nje."

"Na ukuta? Na jiko lake? Mura, kijana wangu, usinifundishe uzee."

Akakaa kwenye kibaraza, akanyoosha mguu wake, na mimi nikarudi nyuma ya nyumba kulia.

Chacha, kijana wa chumba cha pili ambaye hajaoa, akampa chumba chake. Ni kijana mwema, ila anahifadhi viroba vya mawe ya dhahabu chini ya kitanda, na rafiki zake wanaingia na kutoka wanavyotaka. Mama Robi anamtania kwamba analala kama kuku anayeatamia. Baba mkwe alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akamwambia Marwa, "Nina wajukuu, halafu nalala kwenye kitanda cha mtoto wa juzi, juu ya mali yake, yeye akiwa sakafuni. Kila akikohoa nafikiri ananifukuza. Jumamosi lori la mnada likipita, nitapanda."

Marwa alimsihi asubuhi na jioni. Mimi, kama unavyojua, siwezi kubishana naye wala kumtazama usoni. Nilichoweza ni kumpikia uji wa ulezi, kuuweka kwenye kigoda na kuondoka. Nyangi hivyo hivyo. Nilimlaza kwenye mkeka, nikajitenga, ndipo babu yake akaja kumchukua. Mchana kutwa walikaa pamoja kivulini, akimweleza habari za ng'ombe ambao walishakufa kabla Marwa hajazaliwa. Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni, nikiuona ule mguu uliofungwa na nikihesabu kwamba Jumamosi inakuja.

Wakati huo, mama, kuna jambo lilikuwa linaota bila sisi kuliona. Siku moja mke wa jirani alipata wageni, na kuku alikuwepo, lakini wa kumchinja hakuwepo. Wanawake huku hatuchinji, kwa hiyo kuku husubiri jioni, na mgeni husubiri naye. Akamwona mzee kivulini. Akaja na kuku na kisu, akapiga goti. Baba mkwe akachinja. Kesho yake wakaja wawili.

"Kumbe siku hizi tunakula nyama mchana!" Mama Robi alipiga kelele ua mzima ukasikia. "Tangu watu waanze kufukuza dhahabu, kuku wangu wanakufa kwa uzee!"

"Leteni tu," baba mkwe akasema. "Mguu ndio mbovu, mkono ni mzima."

Akaanza kuulizwa na mengine: mpaka wa shamba, mbuzi aliyevimba tumbo. Hata hivyo Jumamosi aliamka, akafunga nguo zake kwenye shuka, akamuaga Nyangi na kujikongoja hadi barabarani. Marwa alikuwa ameshaondoka kwenda shimoni. Nilisimama nyuma ya mahindi nikimwangalia. Nilifikiri, huyu nitamwona tena akiwa na mguu mmoja.

Ndipo Mama Robi akatoka zizini akikimbia, kanga ikiburuzika. "Mzee! Mzee we! Ng'ombe wangu anakufa na ndama wake, na wanaume wote wako chini ya ardhi!"

Baba mkwe alitazama barabara, akatazama zizi. "Amelala upande gani?"

"Mimi nijue upande? Njoo!"

Akarudi. Ndama alikuwa ametanguliza mguu mmoja, mwingine umekunjika ndani. Baba mkwe alipiga goti moja, ule mguu mbovu akaunyoosha pembeni, akaingiza mkono. Lori likafika, likapiga honi. Dereva akaita, "Mzee wa Machochwe yuko wapi?" Mama Robi akamjibu, "Yuko ndani ya ng'ombe! Nenda!" Sisi wote, pamoja na hofu ile, tulicheka hadi tukashikana. Ndama akatoka jike, akatikisa masikio. Jumatatu nesi alimgombeza sana kwa ile bandeji. "Hii damu yote ni ya nani?" "Ya ng'ombe," akajibu, kama vile hilo linamaliza maneno.

Siku ile, baada ya kunawa, Mama Robi alimuuliza ampe nini cha shukrani. Sisi tulidhani ataomba maziwa.

"Nipe pale karibu na zizi," alisema, "mahali pa kusimamisha kibanda. Mlango uelekee mlimani, usitazamane na mlango wa mkwe wangu."

Mama, nilikuwa nachota maji. Niliiweka ndoo chini.

Marwa na Chacha walikata miti jioni baada ya kazi, wanawake wa ua tukakanda udongo, na nyasi zikatoka kwa yule jirani wa kuku. Ni kibanda kidogo, mtu mrefu anaingia ameinama. Tangu ahamie analala hadi jua linatoka, na juzi nesi amesema nyama ni nyekundu na safi, tuendelee hivyo mpaka mavuno. Amekubali. Kwa hiyo mama mkwe asitume mtu kumfuata.

Leo asubuhi nilimpelekea uji. Nikapiga magoti nje, nikaweka kikombe kizingitini, nikageuka kuondoka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, aliniita mwenyewe.

"Bhoke."

"Abee, baba."

"Karibu kwangu," akasema kutoka ndani, nami nikamsikia akicheka. "Karibu sana, mwanangu. Ila usiingie."

Nisalimie baba na umwambie kwamba Marwa ni mzima. Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote, dada yangu mkubwa na wanawe, shangazi wa ng'ambo ya mto, na yule mwalimu aliyenifundisha kuandika. Nyangi anawasalimu kwa meno yake mawili.

Nakukumbatia kwa mikono yenye udongo ambao bado haujatoka kwenye kucha,

Mwanao,
Bhoke