Soli ya Mguu wa Kushoto

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache, na bado Mama huandaa vikombe viwili asubuhi, kisha hukirudisha kimoja kabatini.

Tunakukumbuka kwenye kibanda chako cha kushona viatu, chini ya ngazi za posta, uzi menoni, gundi vidoleni. Mteja akileta kiatu kilichotatuka, ulikigeuza, ukakipigapiga kisigino na kumwambia, "Hiki hakijafa, kimezimia tu." Tunakukumbuka kanisani ukiimba kwa sauti ya msumeno, hata mwalimu wa kwaya akakuomba uhamie safu ya nyuma. Ulihama ukicheka: "Hata huku Mungu ananisikia. Pole yake."

Uliokoka, na hukuona haya kusema ulikotoka. Kila Jumapili ulisimama kushuhudia jinsi siku moja ulivyolewa, ukampakia binti yako mkubwa kwenye baiskeli, mkatumbukia mtaroni. Mguu wake wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. "Lakini Yesu amenifutia dhambi ile!" Kanisa zima liliitikia haleluya, na macho yote yakashuka kwenye mguu wa Dada.

Alikuwa na miaka kumi na tisa aliposimama katikati ya haleluya hizo. "Wewe umefutiwa, Baba. Mimi mbona bado nachechemea?"

Akatoka. Tangu siku hiyo wewe hukushuhudia tena, naye hakukanyaga tena kanisani kwako.

Ila kila soli zake zilipolika, ulimshonea jozi mpya, kiatu cha kushoto kimeinuliwa kwa tabaka tatu, kipimo hakikosei hata unywele. Mama ndiye aliyekuwa tarishi. "Kasemaje?" ulimuuliza kabla hajavua mtandio. "Kasema vinamtosha." Ukarudi kwenye kazi yako, na siku hiyo ulipiga msumari taratibu.

Wiki ya mwisho, wodini, ulimshika Dada mkono. "Mwanangu, Mungu nilimwomba msamaha mbele ya watu mia. Wewe sijakuomba hata tukiwa wawili. Nisamehe."

Dada alikunyooshea shuka ambalo halikuwa na kunyanzi. "Pumzika, Baba. Tutaongea kesho."

Kulipokucha, alikuta kitanda kimetandikwa upya.

Tangu hapo neno hilo, "kesho", limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama humbembeleza: "Baba yako amekufa kaokoka, usijitese."

"Kwa Mungu ameokoka, Mama, sina shaka. Kwangu mimi nilimwacha mlangoni, hajaambiwa karibu wala rudi."

Kibandani uliacha jozi moja haijakamilika. Tabaka za kushoto ulikuwa umeshazikata na kuziwekea alama ya penseli. Fundi mwenzako, Msumari, alitaka kuzimalizia. Dada alikataa katakata. Jumamosi nne alikaa kwenye kigoda chako, akajichoma sindano, akajipaka gundi mpaka kwenye nyusi.

"Dada, imepinda hiyo soli!" Msumari alimtania. "Mzee angeibandua."

"Angeibandua," Dada alisema. "Lakini imeshika." Kisha aliinama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Jumapili hii atavaa viatu hivyo mpaka kanisani kwako, asimame pale ulipokuwa ukisimama. Lakini ametuomba jibu lake likufikie wewe kwanza, kabla ya watu mia kulisikia:

"Baba, nimekusamehe. Kesho ndiyo hii."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hajazoea kikombe kimoja. Binti yako mkubwa. Sisi wadogo zake wawili. Wajukuu zako watatu, wanaogombania kigoda chako. Msumari, na safu yote ya nyuma kanisani, ambayo siku hizi inaimba vizuri mno na haifurahishi.

Popote tutakapokanyaga, Baba, hatutakusahau.