Kaka Yako Amerudi kwenye Sinia

Mama Neema mupenzi,

Hapa Cimpunda mvua haikatiki, lakini kwa kaka yako Bahati kumekucha. Docta amesema si kifua kikuu, ni kuvu kwenye mapafu. Kinga ambayo mwili wake ulitengeneza kupigana na kuvu ilishika hata kipimo cha bakteria wa kifua kikuu, kikadanganyika. Kuvu hiyo haiambukizi mtu, na dawa iko.

Maman yako akaleta bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, kwenye sinia moja. Bahati bado aling'ang'ania sahani yake ya mlangoni, alikozoea kula peke yake tangu aambiwe ana kifua kikuu. Nikamvuta kati yetu, nikanyakua sambaza kubwa mbele yake.

"Shemeji, mwizi wewe! Mugonjwa ni mimi!"

Akaingiza mkono kwenye sinia. Maman akageuka ukutani, akalia.

Wewe unayecheka ulafi wangu, leo ulafi huo umefanya kazi. Kumbatia watoto, nawapenda wote, wewe zaidi kidogo.

Papa Neema